Sindano za Usoni na Posa ya Ushirombo

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi, mwanamke mzima, mwenye mtoto anayeoa, nilisimama ugenini mbele ya wanaume wa ukoo wa watu nikaeleza kwa sauti ya kusikika kwamba nilijipeleka kwa miguu yangu mwenyewe kudungwa sindano usoni ili nionekane mdogo. Wapo waliocheka mpaka wakatoka nje ya turubai, na mzee mmoja alivua kofia akajifutia machozi. Na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi ya siku ile.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti. Natangaza kwenye redio moja ndogo ya hapa Shinyanga mjini, kipindi cha kila Jumatatu cha mambo ya familia, na mara nyingi tunaongelea ukatili wa majumbani, maana huku kwetu mada hiyo haiishi. Kuuliza maswali ndiyo kazi yangu. Namuuliza daktari, namuuliza polisi wa dawati la jinsia, nawauliza wazee (mume wangu husema hata nyumbani naongea naye kama tuko hewani). Lakini siku niliyotakiwa kuuliza maswali kwa ajili ya ngozi yangu mwenyewe sikuuliza hata moja, na niliyoulizwa nilijibu uongo.

Chanzo ni picha. Mwanangu Deus, fundi umeme kule Bulyanhulu, alipata mchumba Ushirombo, binti anaitwa Leticia, muuguzi, mtoto wa wakulima, Wakatoliki wa kusali kweli kweli. Tulipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, mimi na mama yake Leticia tulisimama pamoja tukapigwa picha, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na shemeji yangu mmoja wa Didia, ambaye vidole vyake havina adabu, akaandika: "Hongereni sana. Huyo bibi aliyesimama kushoto ni mama yake nani?"

Bibi wa kushoto ni mimi.

Niliitazama ile picha nikaikuza, nikaipunguza, nikaikuza tena. Mama Leticia analima kwa jembe la mkono, jua lote la Bukombe, wilaya yao, linamwishia kichwani, lakini uso wake umetulia kama ndiyo kwanza ametoka kuoga, wakati mimi ninayekaa studio yenye kiyoyozi nina mistari miwili mizito kutoka puani hadi mdomoni na mifuko chini ya macho. Siku ya kupeleka posa ilikuwa Jumamosi. Nikajiambia picha za Jumamosi zitakuwa nyingine.

Alhamisi nilikuwa Kahama kwa shughuli zangu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa nimesikia kuna dada anaitwa Rehema, mwenyeji wa Tanga, anafanya tiba ya sindano za Kichina, miguu, mgongo, na uso pia, kwenye chumba cha nyuma ya saluni. Nikaingia. Chumba kilikuwa safi, cheti kiko ukutani, sindano zinatoka kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako (hilo nililiona, na kwa haki yake niliseme). Akanikalisha akaanza kuniuliza.

"Mama, kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku? Ya presha, asprini, ya kufanya damu iwe nyepesi?"

"Hakuna."

"Una shughuli yoyote siku hizi mbili tatu? Maana pengine panaweza kuvilia damu kidogo, siyo wote, lakini hutokea."

"Sina shughuli."

Sasa, daktari alikwisha kunianzishia vidonge vidogo vya asprini kwa ajili ya moyo, nakunywa kila asubuhi baada ya chai. Lakini kumwambia binti mdogo kama yule kwamba nakunywa dawa za moyo, wakati nimekwenda pale kujipunguzia umri, niliona ni kuiharibu kazi kabla haijaanza. Na ningemwambia juu ya Jumamosi angeniambia nirudi baada ya shughuli. Nikamjibu yote kwa mkato, nikapanda kitandani, nikalala chali.

Niwaeleze ilivyo, kwa sababu watu wengi huniuliza. Sindano yenyewe ni nyembamba, inakaribia unywele, na haina dawa ndani. Ikiingia unasikia kama siafu mdogo amekugusa, halafu unakuja uzito fulani, halafu joto. Alinidunga kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni, chini ya macho. Akanipa kioo nijione, nikaona nungunungu amevaa hereni zangu. Tukaendelea na maongezi ya saluni, na mtu akishalala amefumba macho mdomo hufunguka wenyewe, nikaongea mengi. Alipokuwa anachomoa, ile ya chini ya jicho la kushoto ilitoa kitone cha damu. Akakibana kwa pamba muda mrefu kuliko zote, akaniuliza tena, safari hii polepole, "Mama, una uhakika hunywi dawa?"

Nikasema nina uhakika.

Ijumaa asubuhi jicho la kushoto lilikuwa na rangi ya bilinganya. Siyo doa. Lilikuwa bonde zima, kutoka kwenye kope hadi katikati ya shavu, na kwa pembeni limeanza kuwa la kijani. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu, akaniona kwenye kioo, akashusha wembe. Lazima mjue mume wangu alivyo: Baba Deus ni fundi wa mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, mtu mrefu, mpana, mikono yake ukiiona mezani unadhani kuna mtu ameacha makoleo. Na mtu huyo hajawahi kunipiga, hajawahi kumpiga Deus, na kuku wetu huchinjwa na jirani kwa sababu yeye hawezi.

"Wakikuuliza utawaambia nini?" akaniuliza.

"Nitasema nimejigonga mlangoni."

"Ukweli ungekuwa mfupi zaidi."

"Ukweli ni aibu. Na wewe usiseme chochote. Mtu akikuuliza, mwambie aniulize mimi."

Akaniahidi. Baba Deus akiahidi kitu ni kama amekifunga bolti.

Jumamosi nilipaka poda safu juu ya safu, nikavaa miwani ya jua, tukaondoka nyumbani Ngokolo alfajiri: sisi wawili, Deus aliyekuja usiku kutoka Bulyanhulu, na mshenga wetu, Mzee Maganga, ambaye ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuongea kwa niaba yetu (mama wa kijana kwenye posa kazi yake ni kukaa, kula na kutabasamu). Hadi tunafika Ushirombo joto lilikuwa limeshika na poda ilikuwa imeanza kuhama. Wanaume wakapelekwa chini ya turubai, mimi nikaingizwa ndani kwa wanawake.

Mlangoni alikuwa amekaa Shangazi Sabina, dada mkubwa wa baba yake Leticia, mjane, mtu ambaye pale nyumbani mabinti hawatoki bila neno lake. Mkubwa hasalimiwi na mtu aliyevaa miwani ya jua. Nikaivua, nikapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mayu. Vumbi limewakuta jamani, hebu njoo." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Na kwa upendo kabisa, kama unavyomfanyia mtoto aliyetoka safari, akalowesha pindo la kanga yake kwenye beseni la kunawia akanifuta uso.

Pindo likarudi na rangi ya chungwa. 

"Mayu, hapa pamefanyaje?"

"Nilijigonga mlangoni, shangazi."

Akanitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Hii sauti naijua. Wewe si yule wa redio? Wa Jumatatu?"

"Ndiyo, mimi."

"Ulisema," akaanza, na nikaona wanawake wengine wanaitikia kwa vichwa, "mwanamke akikwambia amejigonga mlangoni usimcheke, usimwache aende zake. Mkalishe mahali pa siri umuulize tena taratibu."

"Ni kweli, shangazi, lakini huu ulikuwa mlango kweli..."

"Fungeni mlango," akawaambia wenzake.

Nilikuwa nimekamatwa kwa mafunzo yangu mwenyewe. Wakanikalisha kwenye mkeka, Mama Leticia akanishika mkono, na maswali yakaanza, mazuri, ya mpangilio, sikuwa na la kuyakosoa.

"Anakunywa pombe?"

"Hanywi hata kidogo."

"Kumbe anapiga akiwa na akili zake," akasema mmoja aliyekuwa anachambua mchele.

"Hao ndio wabaya," akaitika mwingine.

"Jamani, Baba Deus ni mpole sana."

"Nje wote ni wapole."

"Hajawahi kunigusa!"

"Hata hilo ulisema," Shangazi Sabina akaninong'oneza kwa huruma, "ulisema atakataa, tusimkasirikie."

Mtaniuliza kwa nini sikusema kweli pale pale. Nilitaka. Lakini Mama Leticia alikuwa amenishika mkono na machozi yanamlengalenga, uso wake uko karibu na wangu, hauna mstari hata mmoja, na mimi ningeanzaje kumwambia kwamba ni huo uso wake ndio ulionipeleka Kahama? Nikanyamaza. Shangazi Sabina akakichukua kile kimya kuwa jibu, akainuka, akatoka.

Dirisha lilikuwa wazi, nikaona yote. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lukas, msemaji wa upande wa binti, akamwinamia sikioni. Mzee Lukas alikuwa katikati ya mambo ya ng'ombe wa mahari.  Akakohoa.

"Wageni wetu," akasema, "mazungumzo tuyasimamishe kidogo. Nina swali kwa baba wa kijana. Mkeo amefanyaje usoni?"

Mume wangu alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, na nikaona kila mtu chini ya turubai anaitazama ile mikono. "Muulizeni mwenyewe," akasema.

"Tunakuuliza wewe."

"Muulizeni mwenyewe."

Kwa mtu asiyejua ahadi yetu, jibu hilo lilikuwa na maana moja tu. Minong'ono ikapita. Mzee Lukas akaibana fimbo yake kwapani.

"Sisi hatuna ugomvi na mtu. Lakini kijana huchukua alichokiona kwao, na binti yetu hatutampeleka akajigonge milango. Chakula mtakula, hatuwafukuzi wageni. Posa yenu mtarudi nayo."

Chumba cha pili nikasikia Leticia analia. Deus akasimama, akamgeukia baba yake, mtoto aliyelelewa na mtu yule tangu kuzaliwa, na akamuuliza mbele ya watu, "Baba, umempiga mama?"

 Baba Deus alitazama dirishani, nilipokuwa mimi, akasubiri.

Sikumbuki nilivyoupita mlango. Nakumbuka Mzee Maganga ananizuia kwa mikono miwili, "Mama Deus, hapa huruhusiwi, rudi ndani," na kijana mmoja wa upande wao anapiga kelele, "Faini hiyo! Mwanamke kaingia kikaoni!" na mimi nasema faini nitalipa, hata mbili, nisikilizeni kwanza. Nikasema. Sikupiga wala sikupigwa, nilidungwa sindano, Kahama, na fundi wa sindano.

"Unaumwa?" Mzee Lukas akauliza.

"Siumwi."

"Ni chanjo?"

"Siyo chanjo, mzee."

"Sasa sindano ya mtu asiyeumwa ni ya nini?"

"Ya... ya kunyoosha uso."

"Kwani ulikuwa umepinda?"

Hapo ndipo wale wa kwanza walipotoka nje ya turubai. Mmoja aliyebaki akasema huku Bukombe hawahitaji fundi, ukienda kwenye mizinga ya nyuki bila moto utanyooshwa bure. Lakini Shangazi Sabina hakucheka. "Mwanamke anayemwogopa mumewe husema lolote," akawaambia wanaume. "Punde hii ulikuwa mlango. Sasa ni sindano. Tukingoja kidogo itakuwa ng'ombe."

Nikatoa simu. Nikampigia Rehema, nikaweka sauti kubwa, nikaishika juu wote wasikie.

"Eeh, mama yangu! Uso unaendeleaje? Umeng'aa?"

Mzee Lukas akaichukua simu mkononi mwangu. "Wewe binti, huyu mama unamfahamu?"

"Namfahamu. Shikamoo, mzee. Ni mteja wangu wa Alhamisi."

"Marahaba. Ulimfanya nini?"

"Nilimdunga sindano, usoni. Kuna tatizo?"

"Alikubali mwenyewe?"

"Mzee, alikuja mwenyewe! Ila chini ya jicho palitoa damu, nikamuuliza mara mbili kama anakunywa dawa, akakataa. Mama, uko hapo? Unakunywa asprini?"

Watu wote wakanigeukia. Hata Deus.

"Nakunywa," nikasema.

"Jamani mama! Si ningekudunga kwa namna nyingine, au nisingekudunga kabisa! Na si ulisema huna shughuli? Mbona nasikia watu?" Akapumua. Nilinyoosha mkono niichukue simu, Mzee Lukas akaisogeza mbali. "Au ndiyo umeshafika kwa wakwe? Ehe, na yule mama wa binti umemwona? Yule uliyesema safari hii utamfunika kwenye picha mpaka watu wadhani bibi ni yeye?"

Mzee Lukas akakata simu yeye mwenyewe, kwa adabu, kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mama Leticia alikuwa amesimama kizingitini. "Mimi?" akasema, akajishika shavu. "Mimi ninayepaka mafuta ya mgando?" Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akaishika nguzo, na akishaanza yeye kikao kizima kikaanguka. Alipopata pumzi akasema faini ya kuingilia kikao wachukue wanaume, ila hii nyingine ni yake, na anataka mbuzi jike, kijana, asiye na mkunjo hata mmoja.

Mzee Lukas alimpa mume wangu mkono akamwomba radhi. Baba Deus akamjibu, "Mngekaa kimya ndipo ningewaogopa." Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema siku nzima. Deus alikwenda akaketi karibu na baba yake mpaka mabega yakagusana. Baadaye wakarudi kwenye mambo ya ng'ombe, wakaelewana, na Leticia akaletwa akiwa amenawa uso.

Kwa hiyo mkinisimamisha sokoni kuniuliza juu ya sindano za usoni, jibu langu ndilo hili. Siwaambii msiende. Mistari yangu ya puani labda ilipungua, labda haikupungua, lile jicho lilichukua sifa zote. Lakini taja kila kidonge unachokunywa, hata kile kidogo unachokiona si dawa, na usikiache mwenyewe kwa ajili ya urembo bali umuulize kwanza daktari aliyekupa. Hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele yako, na anayekudunga ana mahali alipofundishwa. Usiende wiki yenye shughuli, maana panaweza kuvilia, na palipovilia huondoka kwa siku zake, siyo kwa siku zako. Na ukilala pale chali, funga mdomo.

Tulipokuwa tunaondoka, Shangazi Sabina alinisindikiza mpaka kwenye gari. Wengine walikuwa bado wanataniana kuhusu nyuki. Akanivuta pembeni, nyuma ya ukuta, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake.

"Mayu, sasa tuko wawili," akasema. "Nimecheka na wenzangu, nimeisikia na simu. Ni sindano kweli?"

"Ni sindano kweli, shangazi."

Alinitazama jicho lile la bilinganya, kisha lile zima, kisha la bilinganya tena. "Mimi mume wangu alikuwa mlango miaka mingi," akasema. "Mpaka alipokufa. Hakuna aliyewahi kusimamisha kikao."

Akaniachia mkono, akaenda zake kugawa mabaki ya wali. Tangu siku ile nakunywa asprini yangu hadharani, na mtu akiniuliza uso umefanyaje, namwambia ulivyofanya.